Mizizi Chini ya Ukuta

Siku ya kwanza Barke Shalo hakupanda kitu. Aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya uwanja wa nyumba ya marehemu mama yake, akatazama kivuli kinavyotembea. Kivuli cha ukuta wa mashariki kilifika hadi kwenye ngazi ya jikoni, kikasita hapo, kikaanza kurudi. Adhuhuri hapakubaki kivuli popote ila chini yake yeye mwenyewe. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye pembe ya kaskazini, pale ukuta ulipobomoka, ukizunguka uwanjani kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa, kisha ukitoka upande wa pili umebeba vumbi.

Ndivyo alivyoifanya kazi yake miaka yote. Huko bara, watu waliomwita awapangie bustani walianza kwa kumtajia maua. Yeye aliwauliza jua linaingilia wapi, maji ya kunawa wanayamwaga wapi, na jioni wakichoka hupenda kukaa wapi. Bustani ya nyumbani, aliwaambia, ni chumba kisicho na paa. Hununui viti kabla hujajua mlango uko wapi.

Safari hii hapakuwa na wa kumuuliza. Mji wa kisiwa cha Kiwamba ulikuwa mtupu. Barke aliondoka hapa na bintiye Zuena mgongoni, siku Mamlaka ya Makazi ilipoleta meli na kuwahamisha watu wote kwenda nyanda za juu, kwenye majengo marefu ya saruji ambayo kuta zake hutoka jasho la baridi mwaka mzima. Sasa Zuena alikuwa na mume na watoto wawili, na yule mdogo alikohoa tangu azaliwe. Daktari alisema ni ule unyevu wa kuta. Mamlaka nayo ilikuwa imetangaza kwamba anayetaka kurejea kisiwani atangulie mtu mmoja wa nyumba ile, apande bustani. Kila mwezi mwandamo ingepita ndege isiyo na rubani, ile ambayo watu waliibatiza Kunguru, ipime majani. Bustani ikionekana inaweza kulisha nyumba nzima, nyumba nzima itarudishwa. Mwaka ukiisha haijafika, ruhusa inakufa.

Boti iliyomleta Barke ilimshushia chakula, mapipa ya maji, simu ya nguvu za jua, mbegu zake, na vikapu vya miche ya miti iitwayo michujo. Kisha ikageuza. Aliusikiliza mlio wa injini mpaka ukaisha, na baada ya hapo akasikia kitu ambacho bara hakuwahi kukisikia: damu yake mwenyewe ikipita masikioni.

*

Chini ya mwamba wa Kiwamba, maji ya mvua hayazami. Huelea juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi. Zamani samli hiyo ilikuwa nene, watu wakachimba visima wakanywa, wakaogeshea watoto na maiti. Mvua zilipoadimika na bahari ikapanda, samli ikawa nyembamba, na ndoo zikaanza kuchota mchuzi.

Mchujo ulizalishwa maabara kutokana na ukoo wa mikoko, kwa ajili ya nchi kama hii. Mzizi wake mkuu hutoboa mpaka kwenye maji ya chumvi, ukayanywa, ukaikataa chumvi na kuiacha hukohuko chini. Mizizi yake ya juu hutema maji ya ziada kwenye udongo. Chochote kilichopandwa ubavuni mwake hunywa bila kumwagiwa. Barke alikuwa ameipanda miti hiyo kwenye bustani nyingi za pwani ya bara, na hakuna hata moja iliyomtia aibu.

Aliipanga bustani kwa utaratibu. Kwenye pembe ya upepo hakujenga ukuta upya, maana ukuta mzima huurusha upepo juu ukaja kuanguka kwa kishindo katikati ya mboga. Alipanda ua wa mikunazi na mihina, wenye matundu, upepo upite umechoka. Majaruba ya mboga aliyachimba yazame chini ya usawa wa ardhi, kwa sababu kwenye nchi kavu tuta lililoinuka hukauka kama mkate ulioachwa wazi. Juu ya udongo alitandaza kokoto za matumbawe ili jua lisiulambe. Maji ya bafuni aliyaelekeza kwenye migomba. Mbele ya jikoni alisimamisha kichanja cha mpasheni, na chini yake akaacha nafasi ya jamvi, akiwaza watoto watalala pale mchana. Asumini aliuweka dirishani. Na upande wa chini kabisa, kufuata ukuta wa kusini, alipanda michujo safu nzima.

Miti ikashika. Udongo uliokuwa mweupe kama jivu ukageuka rangi ya kahawa. Mchicha ukatoka, bamia zikatoka, mironge ikampita urefu. Jioni alimpigia Zuena na kumzungushia simu aone.

"Mama, hapo ni wapi?"

"Ni pale ulipojifunza kutambaa."

"Na nyuma ya ule ukuta kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyumba za watu."

Baada ya simu alikuwa akiendelea kuongea. Aliisifu miche, aliigombeza, aliiuliza imelalaje. Siku moja alijikuta amepakua sahani mbili. Akaitazama ile ya pili, akaona haya mwenyewe, akakirudisha chakula chunguni.

*

Siku aliyopunguza matawi ya mronge ulioegemea ukuta wa kusini, tawi moja lilimponyoka, likaangukia ng'ambo. Papo hapo ikalia firimbi.

"Rafu!" ilipaza sauti ya mwanamume. "Hiyo ni rafu! Tawi limenishukia kichwani!"

Barke alishika panga kwa mikono yote miwili. "Nani huyo?"

"Wewe nani? Mimi niko kwangu."

Alipanda juu ya ndoo akachungulia. Chini, kwenye uwanja mdogo wenye kisima, mlimau mmoja na vitunguu vilivyopandwa bila mpango wowote, alisimama mtu mrefu, mkavu, ndevu zimemjaa, kaptura ya michezo imepauka hata haijulikani ilikuwa rangi gani. Firimbi ilining'inia shingoni.

"Famau," alisema, na kwa kuwa hakuitwa kwa jina hilo muda mrefu, alilitamka kama anayelijaribu. "Famau Bunu. Refarii. Usiniambie hunijui. Nilimpa kaka yako kadi nyekundu kwenye fainali."

Barke alimkumbuka. Mji mzima ulimchukia siku ile.

"Lakini Bwana Famau, si watu wote walihamishwa?"

"Walihamishwa. Mimi nilikuwa na homa, nimelala chumba cha ndani. Nilipopata fahamu nikasikia kimya. Nikatoka, mlango kwa mlango, kimya." Alilivuta lile tawi pembeni. "Baadaye machombo yao yalipita juu yakitangaza, 'Aliyebaki ajitokeze.' Nikasema, ah! Mlipohesabu watu melini hamkuona pengo langu, leo mnataka nijitokeze? Sijitokezi. Kunguru wao akija naingia chini ya turubai."

"Na mimi miezi yote hii umenisikia?"

"Nilidhani u mtu wa Mamlaka. Kisha nikakusikia unamgombeza mche wa bamia, unamwambia hana adabu. Nikajua huyu ni wetu."

Barke alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikamuuma kifuani kama mtu aliyetembea baada ya kulala sana.

Tangu siku hiyo walizungumza ukutani, asubuhi kabla ya jua kukaza na alasiri likipoa. Hawakuingiliana majumbani. Mwanamke yu peke yake, mwanamume yu peke yake, na ingawa kisiwa kizima hapakuwa na jicho la kuwaona, adabu haikuhama na meli. Barke alimpitishia mchicha na bamia juu ya ukuta. Famau alimpitishia malimau yake, madogo, magumu, machachu hasa. Alikuwa mkulima mbaya, mbishi wa kupindukia, na alisimulia mechi zilezile kwa namna tofauti kila mara. Barke alimsikiliza zote. Asumini ulipochanua, Famau alisema, "Harufu hiyo inavuka huku, Bi Barke. Usiku nalala kama bwana harusi." Akashtuka kwa alichosema, akapuliza firimbi kujiadhibu, akaingia ndani.

Kunguru alipita, akapima, akatoa sauti yake ya kike isiyo na mtu ndani: "Inakaribia. Inakaribia." Barke alimpigia Zuena, na Zuena akalia kwa furaha.

*

Ilianza kwa chai.

"Bi Barke, umri huu ulimi huharibika?" aliuliza Famau asubuhi moja. "Chai yangu ya majani ya mlimau ina chumvi."

"Labda umekosea kopo."

"Sina chumvi ndani. Iliisha zamani, natumia maji ya bahari kwa kitoweo." Alitafakari. "Au kisima kimezeeka. Hakijawahi kunifanyia hivi. Hata wakati visima vya mji mzima vilipoharibika, hiki kilibaki kitamu. Ndicho kilichoniweka hai."

Barke aliomba maji yake kidogo. Akavuta fimbo ya kupimia chumvi, ambayo kwake mwenyewe alikuwa ameacha kuitumia kwa vile mboga zilinawiri tu. Akaizamisha kwenye kopo. Taa yake, ambayo kwa maji matamu hutoa kijani, ilitoa njano.

Siku zilizofuata alitoboa vishimo vyembamba kwenye ardhi yake, kuanzia jikoni kuteremkia ukutani. Jikoni, kijani. Kwenye majaruba, kijani safi. Chini ya michujo, juu kijani, na fimbo ilipozama zaidi, nyekundu ya damu. Mguuni mwa ukuta, nyekundu.

Alikaa juu ya kokoto, fimbo mapajani. Hakuhitaji kuambiwa. Chumvi inayokataliwa haipotei, huachwa chini ikawa maji mazito. Waliouzalisha mti walisema maji hayo yatazama na kurudi baharini, na kwenye mchanga wa pwani ya bara ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwamba wa Kiwamba una nyufa. Hapa maji mazito yalikuwa yamepata ufa, yakafuata mteremko, yakapita chini ya ukuta kuelekea kisima kimoja tu kilichokuwa kitamu kisiwani. Yeye ndiye aliyechagua kuipanga safu nzima upande wa chini kabisa.

Aliwaza kukata michache. Haikuwezekana. Michujo ikikaa pamoja mizizi yake huungana, ikawa kama mti mmoja wenye mashina mengi. Ukikata huu, ule hunywa na sehemu yake. Na kuihamisha ni kuiua. Ilikuwa ibaki yote au ife yote, na bustani nzima ilikuwa ikinyonya kwayo kama watoto wa mbwa.

Alasiri ile Famau alimwita ukutani. Hakuitika. Alijifanya amelala.

*

"Waambie Mamlaka kwamba mzee yupo," alisema Zuena simuni, alipokwisha kuelezwa yote. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyekwisha kuwaza. "Mama, hilo si jambo baya. Mzee yule yuko peke yake, hana daktari, hana mtu. Watamleta huku, watampa chumba, atakula. Sisi tunapata nyumba, yeye anapata matunzo. Nani anadhulumiwa?"

"Yeye hataki kuja huko."

"Na mwanangu anataka kukaa huku?" Nyuma yake Barke alikisikia kikohozi kile kidogo, kikavu, kikifuatana. "Kunguru akija mwezi ujao tunapita. Umesema mwenyewe. Au kama hutaki kumtaja, kaa kimya tu mpaka apite. Tukishafika tutampa maji mzee wa watu. Mengi kuliko anayoyapata sasa."

Barke aliliona hilo, tena alikuwa ameliwaza kabla yake. Angeweza kuvuta mpira juu ya ukuta. Famau angekunywa maji matamu ya michujo na asingejua lolote, angemshukuru kila siku. Hapo ndipo fikra ilipomchoma. Angepaswa kuzipokea shukrani hizo kila asubuhi, kwa sauti ya kawaida. Na mlimau ungekauka, naye angeuita uzee.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Usimchague mtu usiyemjua ukatuacha sisi."

Simu ilipokatika, Barke alibaki ameishika. Uwanja ulikuwa umejaa kijani, nyuki walikuwa wamekuja kutoka asikokujua, na hakuwahi kujiona mpweke kiasi kile, hata siku ya ndoo.

*

Asubuhi alipiga hodi kwenye mlango wa barabarani wa Famau. Alitoka amefunga kikoi, akashangaa kumwona mbele badala ya juu ya ukuta. Barke hakukaa. Alisimama kizingitini akamweleza yote, mti, chumvi, ufa, kisima. Akamweleza pia juu ya Zuena na kikohozi cha mtoto, kisha akatamani asingesema hilo, maana lilisikika kama kuomba.

Famau alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile chai. Nilithibitisha baadaye kidogo."

"Na ukawa unalala ninapokuita."

"Ndiyo."

"Naweza kukuvutia maji," aliongeza Barke. "Mpira upite juu ya ukuta. Hutakosa."

"Ili niwe mbuzi wako?" Sauti yake ilipanda. "Ukisafiri? Ukifa? Wajukuu wako wakichoka na mimi? Nilibaki kwenye kisiwa hiki peke yangu kwa sababu nina kisima. Sina kingine, Bi Barke. Nina kisima."

"Basi niambie nikate, nikate."

Akamtazama muda mrefu.

"Hapana. Huo mzigo hunibebeshi. Nikikwambia kata, nimemnyima mtoto hewa. Nikikwambia usikate, nimejiua. Mimi sikupanda. Amua wewe."

Akafunga mlango, polepole, kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa.

*

Alichukua msumeno wiki ileile, asubuhi yenye upepo. Shina la kwanza lilipokatika lilitoa maji, si utomvu, maji meupe matamu yaliyobubujika na kumlowesha miguu. Hakuwa amelitarajia hilo. Alisimama akayatazama yakizama kwenye kokoto, akashika shina la pili. Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa imechubuka, na safu yote ilikuwa chini. Visiki alivipaka dawa ya kuua mizizi, kimoja kimoja, bila kuruka.

Ng'ambo ya ukuta hapakuwa na sauti. Alijua Famau alikuwa akiusikia msumeno.

Migomba ndiyo iliyotangulia kuanguka. Mchicha ulilala siku hiyohiyo, bamia zikafuata, mpasheni ukadondosha majani juu ya pale palipopangiwa jamvi. Asumini ulijitahidi, kisha ukakauka kuanzia ncha. Ilibaki mikunazi, mihina, mronge mmoja na mshubiri, mimea inayojua njaa. Barke aliimwagilia kwa maji ya kuogea, hakuoga vizuri, na mingi ilikufa vilevile.

Kunguru alikuja mwandamo ulipofika, saa ya jua kali. Alizunguka juu ya uwanja mara kadhaa, kama haamini. Barke alisimama katikati akiwa amejifunga mtandio, akingoja neno ambalo alikuwa akilijua.

"Haitoshi," ilisema ile sauti. "Ruhusa ya kaya imesitishwa. Mtu aliyepo: mmoja."

Mlango wa barabarani ukagongwa, ukafunguka. Aliingia Famau, amevaa shati jeupe lililokunjamana kwa kukaa sandukuni, amebeba kiti cha mbao. Hakumsalimu mtu. Akakiweka kiti uwanjani, mahali pasipo na kivuli hata chembe, akaketi, akainua uso. Kisha akapuliza firimbi, ndefu, kama ya kumaliza mchezo.

Kunguru akashuka kidogo. "Watu waliopo," ilisema sauti hatimaye, "wawili."

"Sasa wamekuona," alinong'ona Barke. "Watakuja kukuchukua."

"Waje." Alifumbata mikono magotini. "Umekata kila kitu, halafu niingie chini ya turubai? Utakuwa umekata kwa ajili ya nani?"

Kunguru alipoondoka hakuinuka mara moja. Walikaa, yeye kitini, Barke juu ya ndoo, mbali kidogo. Baadaye Famau alitazama dirishani, kwenye ule mmea mkavu uliokuwa asumini.

"Huo ungenionyesha kwanza," alisema. "Ningeuaga."

*

Watu wa Mamlaka walikuja kwa boti, bwana mmoja mnene na binti aliyebeba vipimo. Bwana alimwambia Famau aandae vitu vyake, ni kwa usalama wake. Famau alisema usalama wake uko kisimani na hauingii kwenye begi. Walibishana mpaka yule bwana akachoka na jua. Binti hakubishana. Alipima kisima, akarudia kupima, akaenda kutoboa kwa Barke, akakaa pale kwenye visiki muda mrefu. Walipoondoka, Famau alikuwa ameandikwa jina lake kama mkazi wa Kiwamba, wa kwanza na wa pekee ambaye hakuwahi kuhama, na Kiwamba kimeandikwa kisiwa chenye kisima cha kunywa. Kwenye kisiwa cha namna hiyo michujo haipandwi.

Habari ilifika bara kabla ya boti. Familia zilizokuwa zikingoja zamu ya kurejea ziliambiwa zingoje zaidi, maana bustani zao zilitegemea michujo. Mwanamke aliyesoma na Barke darasa moja alimpigia simu, hakumsalimu. "Umetufungia mlango," alisema. "Kwa ajili ya Famau refarii!" Barke alikuwa na hakika kwamba alifanya sawa, na hakika hiyo haikumpunguzia kitu. Aliposikia simu ikilia baada ya hapo, alitumaini ni Zuena, na haikuwa Zuena. Kisha simu ikaacha kulia.

Mvua ilipokuja ilikuwa haba. Kisima kilianza kurudi, lakini kilibaki na ladha ya mbali, kama chozi kwenye pembe ya mdomo. Famau alikunywa, akasema ni maji. Hakumwambia Barke kwamba amemsamehe, wala Barke hakuuliza. Mechi zake alianza tena kuzisimulia ukutani, lakini siku nyingine alikatisha katikati na kuingia ndani, naye Barke alimwacha.

Barke alikaa tena juu ya ndoo akatazama kivuli. Aliipanga bustani upya, ya maji ya mvua peke yake. Aliangusha wazo la migomba. Chini ya paa alichimba birika, akalipiga chokaa, akaliezeka jua lisilione. Majaruba yalipungua yakabaki ya kuhesabika kwa mkono mmoja, yakasogea karibu na jikoni mpaka mtu aweze kumwagia maji ya kuoshea mchele bila kushuka ngazi. Kunde zilikubali. Mikunazi ilianza kutoa kivuli chepesi, cha madoadoa. Ilikuwa bustani ya kumlisha mtu mmoja, na mwaka mzuri labda mmoja na nusu. Ukiitazama kutoka juu, kama Kunguru, ungesema hakuna kitu.

Alikuwa akiokota kokoto siku simu ilipolia. Aliliona jina, akafuta mikono kwenye kanga kabla ya kuishika, kana kwamba Zuena angeiona mikono.

"Mama."

"Mwanangu."

Kikohozi kilipita nyuma, na baada yake sauti ya mtoto akiuliza ni nani huyo.

"Ni bibi," alisema Zuena mbali na simu. Akarudi. "Umepanda tena?"

"Kidogo. Haitapita kipimo, Zuena. Sitaki nikudanganye. Pengine haitapita kamwe."

"Sijauliza kipimo." Alivuta pumzi. "Nataka kujua ulivyoipanga. Mlango wa jikoni umeelekea wapi?"

Barke alijifunga mtandio, akatoka na simu kwenye jua la adhuhuri, akaanza kumwelekeza mwanawe, kuanzia mlangoni.